"Historia itamhukumu": nani hasa, lini, na kwa ushahidi gani?

Swali linatoka kwa msomaji wa Masasi, mama mwenye meza ya biashara sokoni Mkuti:

"Shikamoo Mwalimu. Nyumbani kwetu kila ikifika Julai, siku za kumbukumbu ya Mzee Mkapa, babu na baba wanakwaruzana. Babu anasema mtoto wa Lupaso alikaa Ikulu miaka kumi na viwanda vyetu vya korosho vikauzwa, vikageuka maghala. Baba anasema bila yeye tungekuwa bado tunalala Ndundu tukisubiri kivuko. Wakichoka, wote wawili wanamalizia kwa kusema historia itamhukumu. Naomba kujua huyo historia ni nani, atakaa lini kuhukumu, na kati ya wazee wangu hawa nani yuko sahihi?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu kwa mkupuo, na la tatu ndilo jepesi, kwa hiyo nianze nalo. Babu yuko sahihi kuhusu viwanda. Baba yuko sahihi kuhusu daraja la Mkapa, lile la Mto Rufiji lililotuondoa kwenye kivuko cha Ndundu. Wanakwaruzana kwa sababu kila mmoja ameshika jambo moja la kweli na anataka litoshe kumhukumu mtu kwa ujumla wake.

Mimi ningewaomba waache kumhukumu Mkapa, wahukumu maamuzi yake. Hukumu ya jumla, ile ya "alikuwa jembe" au "alituuza", mahali pake ni kwenye risala ya msibani na jukwaa la kampeni. Msibani hakuna anayekwenda kuchambua, na kwenye kampeni hakuna anayekwenda kusikiliza. Sisi tunaofundisha na kuchunguza historia hatuna kipimo cha mtu kwa ujumla wake. Tulichonacho ni namna ya kuupima uamuzi: aliyeamua alikuta nini mezani, siku ile alijua nini, njia nyingine zilikuwepo au hazikuwepo, na gharama alilipa nani. Majibu ya uamuzi mmoja hayahamii kwa mwingine. Mtu huyohuyo anaweza kushinda kesi hii asubuhi na kushindwa ile ya jioni.

Tuanze na viwanda vya babu. Vilijengwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vingi kwa mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia, kwa hesabu kwamba korosho za Kusini zingeendelea kuongezeka. Mitambo inafungwa, korosho zinapungua. Kuna viwanda vilivyobangua misimu michache tu, vingine havikubangua kitu cha maana. Mkapa alipoapishwa Novemba 1995 alikuta mashine zilizolala, mashirika ya umma yenye madeni, wafadhili waliokuwa wamebana mkono, na mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 25 kwa mwaka. Fedha za kufufua viwanda vyote hivyo hazikuwepo. Babu akiliruka hilo, kesi yake inabaki na tundu.

Baba naye asilitumie kufunga mjadala, maana njia nyingine ilikuwepo. Kuuza kiwanda ni jambo moja. Kumbana mnunuzi abangue, kumpa muda, na kumnyang'anya jengo akiligeuza ghala ni jambo jingine, na hapo serikali ililegea. Korosho ghafi ziliendelea kupakiwa melini kwenda India, na kazi za kubangua, ambazo wengi wa waliozifanya walikuwa wanawake, zikaenda nazo. Kwa hiyo shitaka la babu lina uzito, ila lina kifungu chake. Akisema "aliuza viwanda", baba atamjibu kwamba viliuzwa vikiwa vimeshakufa. Akisema "aliuza na hakumfuatilia mnunuzi", baba atakosa la kusema kwa muda.

Daraja nalo lina mambo yake. Kabla ya 2003 basi la Mtwara au Lindi likifika Rufiji lilijipanga kwenye foleni ya kivuko cha Ndundu. Masika, barabara ikiwa tope tupu, safari ya Dar es Salaam ilihesabiwa kwa siku. Mwenye uwezo alipanda meli au ndege, mgonjwa wa rufaa asiye na uwezo alibaki na Mungu wake. Daraja lile la karibu kilomita moja liliondoa adha hiyo, na fedha zake zilitafutwa na ujenzi ukafanyika ndani ya muhula wa Mkapa, kwa hiyo kulipa jina lake hakukuwa upendeleo. Hata hivyo kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kiliendelea kumeza magari kwa miaka mingi, na lami yake ikakamilika mikononi mwa serikali iliyofuata. Ukitaka kujua mradi ni wa nani, usimtazame aliyekata utepe. Mtafute aliyeusukuma mpaka ukapata fedha, kisha mtafute aliyeutunza ulipoanza kuchakaa. Huyu wa mwisho hana jiwe la msingi popote nchini.

Kuna jambo ambalo wazee wako wote wawili hawalitaji, nadhani kwa kuwa liko mbali na Masasi. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, askari walifyatua risasi kwa waandamanaji wa upinzani Pemba na Unguja. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengine wakakimbilia Kenya kwa mitumbwi na majahazi. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania kuzalisha wakimbizi wa kisiasa kwa wingi namna ile. Mkapa alikuwa Amiri Jeshi Mkuu. Muafaka wa CCM na chama cha upinzani cha CUF ulitiwa saini Oktoba mwaka huohuo, na yeye mwenyewe, katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka 2019, aliyataja mauaji yale kwa majuto. Ninalitaja hapa kwa sababu moja: watu hupenda kupanga matendo ya kiongozi kama daftari la duka, mapato huku, matumizi kule, kisha wanatafuta salio. Salio halipo. Ada ya shule ya msingi ilifutwa wakati wake na watoto wakajaa madarasani kuanzia 2002. Deni la taifa lilipunguzwa sana mwaka 2001. Mfumuko wa bei ulishuka mpaka tarakimu moja. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linalomlipia mtu aliyepigwa risasi Wete. Kila kesi inabaki na faili lake.

Nimekwenda haraka kwa Mkapa kwa sababu nataka tukae zaidi kwenye jambo ambalo kila mzee wa Newala, Tandahimba na Masasi ana maneno nalo: korosho za wakati wa Mwalimu Nyerere. Hapo utaona kazi yenyewe inavyofanyika, na jinsi inavyochosha.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka Kusini. Kufikia 1986/87 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Huo ni mporomoko wa zao zima la mkoa ndani ya miaka 13. Muulize babu sababu, atakwambia "vijiji". Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuhamisha watu, kwa sehemu kwa sababu ya vita ya ukombozi iliyokuwa ikiendelea ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mkulima akahamishwa, mikorosho ikabaki kwenye mahame. Mkorosho usiopaliliwa humezwa na pori, moto ukipita chini yake kiangazi umekwisha, na hakuna anayetembea saa mbili kwenda kuokota korosho halafu atembee mbili nyingine na gunia kichwani. Hoja ya babu imesimama vizuri.

Sasa mlete bwana shamba. Yeye atasema ni ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, na atakupeleka Naliendele, kwenye kituo cha utafiti kilichohangaika na salfa na mbegu mpya mpaka zao likafufuka miaka ya 1990. Hoja yake nayo ni nzito, kwani mikorosho iliyopuliziwa salfa ilizaa na isiyopuliziwa ilibaki na majani tu. Halafu mlete mchumi. Atasema ni bei: vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, mamlaka ya zao ikawa mnunuzi, na sehemu ya bei ya soko la dunia iliyomfikia mkulima ikazidi kupungua mwaka hadi mwaka, mpaka watu wakaona heri mihogo.

Nani amepatia? Hapa ndipo tarehe zinaposaidia kuliko hasira. Ugonjwa ulitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ilhali mavuno yalikuwa yameshaanza kushuka tangu 1974. Kwa hiyo ugonjwa haukuanzisha mporomoko, ingawa uliuongeza na kuufanya uwe mgumu kutibika. Kuhamishwa vijijini kunaelezea vizuri mwanzo wa kushuka, lakini peke yake hakuelezi kwa nini hali iliendelea kuwa mbaya hata pale watu waliporuhusiwa kurudi mashambani. Bei inaelezea uvivu wa kupalilia, na shamba lisilopaliliwa ndilo ubwiriunga hulipenda. Ukiyaunganisha hivyo, unaona sababu tatu zilizoshikana mikono, na mbili kati yake zilitoka mezani kwa serikali. Hukumu yangu kuhusu uamuzi wa kuhamisha watu kwa nguvu katika ukanda wa mikorosho ni kwamba ulikuwa mbaya, na ulikuwa mbaya kwa vigezo vya siku ileile, kwa sababu hakuna mkulima wa Kitangari ambaye asingeweza kumwambia Mkuu wa Mkoa kwamba mkorosho hauhamishiki.

Hujamaliza lakini. Zile tani 145,000 nazo zilikusanywa wakati wa Nyerere huyohuyo, mavuno yakiwa yamepanda sana tangu Uhuru. Mbona hakuna anayempa sifa hiyo? Na akipewa, itakuwa haki? Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na hukomaa baadaye sana, maana yake sehemu kubwa ya mavuno ya 1973 ilitoka kwenye miche iliyopandwa kabla na mara tu baada ya Uhuru, na wakulima wenyewe, wakifuata bei. Viongozi hurithi miche ya wengine na huwaachia wengine miche yao. Ndiyo maana siwaamini watu wanaompa rais takwimu za mwaka aliokuwa Ikulu, ziwe nzuri au mbaya, kabla ya kuuliza mbegu ilipandwa lini.

Ukiwa unamsikiliza babu, nadhani umewahi kumsikia akisema pia kwamba serikali ya Uhuru iling'oa reli yetu. Wengi wanasema hivyo na wanamtupia Nyerere. Reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, yenye tawi la Masasi, ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa muda mfupi baadaye. Kweli Uhuru ulikuwa umeshapatikana, Desemba 1961. Lakini reli ile ilijengwa kusafirisha karanga za Waingereza, karanga zikashindikana, na ikaendeshwa kwa hasara miaka kumi chini ya bendera ya mkoloni, na Tanganyika changa ikarithi mgonjwa aliyekuwa mahututi. Unaweza kulaumu kwamba reli ingeachwa ilale badala ya kung'olewa, na mimi nalaumu hivyo. Hata hivyo lawama hiyo ni ndogo sana kuliko ile inayozungumzwa vijiweni.

Na kwa kuwa tumezitaja karanga, mradi wenyewe unastahili nafasi, kwa sababu unapindua jambo ambalo wengi wanaliona wazi: kwamba uamuzi mzuri ni ule ulioleta matokeo mazuri. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Ujumbe mmoja ulitumwa Afrika Mashariki mwaka 1946, ukazunguka kwa wiki tisa hivi, ukarudi na pendekezo la kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 na kupanda karanga. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaubeba mradi kwa mikono miwili. Hawakuwa na takwimu za mvua za kutosha wala uchunguzi wa maana wa udongo, na hawakuwauliza waliokuwa wakilima hapo. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, wakageuza hadi vifaru kuwa matrekta, na pori likayavunja. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, takriban pauni milioni 36 za walipa kodi zikiwa zimepotea. Strachey na wenzake wamehukumiwa kwa uzembe, na sioni rufaa inayoweza kuwaokoa.

Hata hivyo, mwanangu, bila uzembe ule Mtwara hii ya leo pengine isingekuwepo. Bandari ya kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, makao ya jimbo yakahamishwa kutoka Lindi, na leo meli zinazofunga gatini zinabeba korosho. Huko Nachingwea, mojawapo ya mashamba yale yaliyotelekezwa, Farm 17 kama wenyeji wanavyopaita, likawa kambi ya mafunzo ya FRELIMO chini ya Samora Machel. Strachey asipewe sifa ya bandari wala ya uhuru wa Msumbiji. Hakuviwaza. Bahati njema iliyofuata baadaye haisafishi uamuzi uliofanywa kwa kufumba macho, na kwa kipimo hichohicho, bahati mbaya iliyofuata haiuchafui uamuzi uliofanywa kwa uangalifu. Watu wa Lindi, ambao wamemsikia kila mgeni akisema mji wao "ulipoa" baada ya Mtwara kujengwa, wana haki ya kuongeza shitaka lao la pili.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Huyo historia ni nani? Ni watu waliokuja baadaye, wakiwa na karatasi zilizosalia, kumbukumbu za walioona, na shida zao wenyewe za wakati wao. Hizo shida ndizo za kuziangalia kwa jicho kali. Mwangalie Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu dawa ya maji ya kuzuia risasi. Wajerumani walimnyonga Mohoro Agosti 1905, wiki chache baada ya watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi kule Kilwa, kung'oa pamba na kuanzisha vita ya Majimaji. Katika faili za Wajerumani ni mchawi aliyewadanganya washenzi. Mwaka 1956 Nyerere aliizungumzia Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa kama vita ya watu waliokataa kutawaliwa, kwa sababu TANU ilihitaji kuonyesha kwamba madai ya uhuru hayakuanza jana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia vijijini, wakakaa na wazee waliokuwa watoto wakati wa vita, wakaandika. Idadi ya waliokufa, ambayo Wajerumani waliikadiria 75,000, ikapandishwa na watafiti mpaka karibu 250,000 na zaidi, wengi wao wakiuawa na njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa vyakula.

Matendo ya Kinjikitile hayakubadilika hata kidogo katika safari hiyo. Aliyebadilika ni anayeuliza. Na bado kuna swali ambalo kizazi cha Uhuru hakikupenda kuliuliza kwa sauti: kiongozi anayewaambia watu risasi itageuka maji ana deni gani kwa wajane? Ninawapa wanafunzi wangu swali hilo kila mwaka na kila mwaka darasa linagawanyika. Hali ni ileile kwa Machemba, mtawala wa Kiyao wa uwanda wa Makonde aliyemwandikia kamanda wa Wajerumani, von Wissmann, mwaka 1890, kwa Kiswahili, kwamba haoni sababu ya kumtii, na akapambana mpaka akakimbilia Msumbiji mwaka 1899. Kitabu cha shule kinamwita shujaa, na ujasiri wake sina shaka nao. Misafara ya Wayao wa zama zake ilibeba pembe, mpira na pia watumwa. Mjukuu wa mtumwa naye ni mwanahistoria akipewa kalamu, ila mara nyingi hakupewa, na asiyekuwepo na lake halipo.

Wakati mwingine mgeuko unakuja haraka zaidi. Bibi Titi Mohamed aliijaza TANU wanawake miaka ya 1950, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akaachiwa mwaka uliofuata, na kwa miaka mingi akafutwa midomoni mwa watu. Leo ukipita katikati ya Dar es Salaam unapita kwenye barabara yake. Ushahidi wa kesi haukubadilika kiasi hicho. Nchi ilipoa.

Lini, basi? Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka za taifa ya mwaka 2002 kwa kawaida huzifungulia umma nyaraka za serikali zikitimiza miaka 30. Piga hesabu: karatasi za mwanzo za utawala wa Mkapa ndiyo kwanza zinafikia umri huo. Kumbukumbu za vikao vilivyojadili kuuzwa kwa viwanda bado zitasubiri kidogo. Mpaka zisomwe, mimi na wewe na babu tunajua kilichotokea bila kujua kwa uhakika nani alisema nini kabla hakijatokea. Mawili kati ya yale maswali yangu manne, alijua nini na alikuwa na njia gani, majibu yake yako kwenye makabrasha hayo.

Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu mambo ya juzi nakuwa mzito. Bomba la gesi kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam liliwasha moto hapa Mtwara Januari na Mei 2013. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Serikali ilisema gesi ni ya taifa zima, watu wa hapa wakauliza kwa nini viwanda visijengwe kisima kilipo. Baadaye gesi ikaja kuzalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, na kiwanda kikubwa cha saruji kimejengwa Msijute. Hayo ni matokeo, na umeshaona kwamba matokeo hayatoshi. Ninachoweza kusema bila kusubiri karatasi ni kuhusu namna: watu waliambiwa, hawakuulizwa, na tofauti hiyo ilionekana kwa macho kabla ya jiwe la kwanza kurushwa.

Novemba 2018 nayo unaikumbuka vizuri kuliko mimi, maana ulikuwa sokoni. Wafanyabiashara walitoa bei ya chini mnadani, wakulima wakagoma kuuza, na Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba. Siku hiyo watu walishangilia. Kisha ukaja uhakiki: mwenye kilo nyingi aonyeshe shamba, asije akawa wa kangomba aliyenunua kwa kibaba kwa watu wenye njaa ya Agosti. Kangomba ni unyonyaji na kuifuatilia kulikuwa na sababu. Wakati huohuo mkulima halali alisubiri fedha zake miezi, ada za shule zikapita, salfa ya msimu uliofuata ikakosa mnunuzi. Kushangilia ni ushahidi na kusubiri ni ushahidi. Tarehe za malipo ziko kwenye vitabu vya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na kwenye taarifa za benki za wakulima, na mtu akizikusanya kijiji kwa kijiji tutajua mengi kuliko tunavyojua sasa kwa kubishana.

Mnaweza kufanya sehemu yenu hapo nyumbani kabla ya Julai nyingine. Babu akikubali, fungua sanduku lake utafute stakabadhi za korosho za miaka ya 1970 na 1980, uzipige picha kwa simu pande zote mbili, zile zenye bei na tarehe. Muulize alihamishwa mwezi gani, mikorosho yake ilikuwa umbali gani kutoka kijiji kipya, na aliirudia mwaka gani. Usimuulize anamwonaje Nyerere wala Mkapa, hilo atakujibu hata usipouliza. Baba muulize nauli ya basi na alilala wapi mara ya mwisho alipovuka kwa kivuko. Na kiwanda cha karibu nanyi, tafuta wanawake waliobangua pale, kama wapo walio hai. Waulize mashine zilisimama mwaka gani na waliambiwa nini siku ile. Hao anza nao hata kabla ya babu, kwa sababu sijawahi kuona mtu amewaandika.